Maneno Yanayoanza na M

Wodi ya kichwa, kitanda cha dirishani
2 Aprili

Dada,

Kabla hujaanza kulalamika: ndiyo, simu ninayo, na ina chaji. Sitaki tu tuongee kwa simu. Juzi nilikuwa natafuta neno "blanketi", na kabla sijalifikia ukaanza kunirushia, "Shuka? Mto? Taulo?" kama uko mnadani. Kwenye simu unanimalizia sentensi. Kwenye karatasi huwezi. Kwa hiyo barua zako mpe Posta, yule konda wetu mwenye kofia ya sufi. Basi lake linasimama getini hapa kila siku, na tangu nianze kazi ya kutangaza mabasi kituoni hajawahi kupoteza hata bahasha.

Sasa habari zenyewe. Wamenipiga picha ya kichwa kwenye ile mashine yenye tundu, na wameona uvimbe. Uko upande wa kushoto, usawa wa juu ya sikio, mkubwa kama zabibu. Daktari wa upasuaji ni mama mmoja mfupi anayevaa raba za michezo. Alinigeuzia kompyuta nikauona mwenyewe: ubongo wa kijivu, na ndani yake doa jeupe limekaa kama mpangaji. Anasema limekaa humo miaka, halina haraka ya kukua, lakini linachokoza. Ile harufu ya mpira unaoungua ninayoisikia peke yangu, halafu nanyamaza katikati ya tangazo, natafuna midomo kama mbuzi, halafu nazinduka sijui niko wapi, yote hayo ni kifafa. Mimi nilijua kifafa ni kuanguka na kutoa povu. Nilidhani nimechoka. Meneja alidhani nina jeuri.

Nililia, dada, na si kwa ajili ya uvimbe. Nilimlilia yule mama mwenye kichanga niliyemwambia basi lake liko mlango wa tatu, kumbe liko wa tano. Nilikuwa ndiyo kwanza nazinduka. Nilimwambia kwa sauti ile ile ya kujiamini, naye akaniamini, akaenda kushushwa mji mwingine kabisa kwenye mvua na mtoto. Mpaka leo namwona.

Daktari anasema uvimbe ukitoka wote, kifafa nacho kinaweza kwisha kabisa. Taabu ni majirani. Kwa watu wengi maneno yanakaa upande huo huo wa kushoto, na kisu kikipita pembeni kidogo naweza kuamka bila maneno. Mimi, Spika! Kituo kizima kinasubiri mdomo wangu ndipo magurudumu yazunguke. Kwa hiyo watanipiga picha nyingine kwanza, ya ubongo ukiwa kazini. Unalala ndani ya mashine, unaambiwa ufikirie maneno yanayoanza na M, halafu vitu vya jikoni, halafu wanyama. Unayataja moyoni tu, mdomo hautikisiki, na mashine inaangalia panawaka wapi.

Jana nilijipima mwenyewe. M. Nikapata mkate. Nikatafuta, nikatafuta, nikapata mkate tena.

Naogopa. Mama mwambie taratibu, akiwa ameshakula.

Mdogo wako,
Spika


Nyumbani
4 Aprili

Mdogo wangu,

Mama nimemwambia. Aliuliza kama huko wodini kuna baridi, akaingia chumbani akatoka na sweta mbili. Posta anazo kwenye mfuko wa bluu. Ile ya kijani inawasha lakini ivae, atakuuliza.

Sasa nisikilize. Nimefundisha darasa la nne miaka yote hii, na mtihani ambao maswali yake yametolewa mapema haujawahi kumshinda mwanafunzi wangu yeyote. Wamekwambia watauliza M, jikoni na wanyama. Unataka nini tena? Nimekuandalia orodha tatu, ziko nyuma ya karatasi hii. Kila moja ina maneno ishirini na ina mahadhi ya jedwali la mara saba, yale yale niliyokuimbisha jikoni hadi ukaacha kulia. "Mkate, meza, mlango, mti, moto, moshi, mwiko, mto." Imba asubuhi, imba ukioga, imba ukiletewa uji. Ukiingia humo ndani usifikiri kitu. Fungulia tu kama bomba.

Hatutaki daktari mwenye raba aone ubongo umekwama, akadhani huko hamna kitu, akakata. Tunataka aone mambo yanatiririka.

Na "nazinduka" umeiandika vizuri, hongera. Ila uliandika "hosipitali" juu ya bahasha. Si neno.

Dada yako,
Mwalimu


Wodini
17 Aprili

Dada,

NIMEFAULU!

Tuliza moyo nikuhadithie. Anayepiga picha ni kijana mwembamba mwenye sauti ya upole. Wagonjwa wanamwita Bwana Tulia, maana kwenye kile kispika cha ndani ya mashini hana neno lingine. "Tulia mama. Tulia hivyo hivyo. Tulia, tunaendelea." Nilitamani nimwambie mwenzangu, hata mimi kazi yangu ni kispika, ongeza manjonjo kidogo. Walinifunika uso kwa kitu kama kofia ya wacheza ngumi, wakaniziba masikio, nikaingizwa. Kelele za humo, dada! Ni kama fundi bati amepanda kichwani na nyundo zake.

Ikaja herufi "M" kwenye kioo. Nikafungulia bomba. Mkate, meza, mlango, mti. Wakaniambia pumzika, nikapumzika. Wakaleta tena M, nikaanza upya, mkate, meza, mlango, mti, mpaka mwisho. Jikoni hivyo hivyo. Wanyama hivyo hivyo. Sikukwama hata mara moja. Nilitoka nimelowa jasho na nina furaha kama mtoto aliyeshika namba moja.

Bwana Tulia akaniuliza, "Ilikuwa ngumu kuyapata maneno?" Nikamwambia, "Wala." Akasema wengine hutoka wanalalamika kichwa kimechoka, na hiyo ndiyo anayoitaka, maana kinachowaka kwenye picha ni kule kutafuta. Mtu akihangaika kulisaka neno ndipo sehemu zake za maneno zinajionyesha. Mimi nikacheka moyoni. Sikusaka hata moja!

Majibu yametoka leo. Daktari amefurahi. Jirani na uvimbe hapajawaka chochote cha maana, pako shwari. Kwa hiyo ana nafasi ya kutosha. Atautoa wote na ukingo wake, nikiwa nimelala usingizi wangu, bila presha. Upasuaji ni tarehe 6 Mei.

Umeniokoa, dada. Sema unachotaka nikija nyumbani, nitakuletea.

Mdogo wako namba moja,
Spika


Nyumbani
21 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Tumefurahi. Mama amefurahi sana, amewatangazia hadi majirani wa nyuma.

Hapa hakuna jipya. Mvua imekatika. Paa la darasa langu limezibwa, sasa linavuja upande mwingine. Mtoto mmoja ameniandikia insha kuhusu "babu yangu mpendwa", neno kwa neno kama ya mwenzake, na babu wenyewe si mmoja. Nikamuuliza babu yako anaitwaje, akashindwa.

Nilitaka kukuuliza kitu kidogo tu. Yule kijana wa picha, hawezi kurudia ile ya maneno? Kwa uhakika tu. Wakati mwingine mashine nazo hukosea. Ukipata nafasi mdokeze. Lakini kama wana kazi nyingi si lazima, wao ndio wataalamu, wanajua wanachofanya.

Vaa sweta.

Dada yako,
Mwalimu


Wodini
27 Aprili

Dada,

Una nini? Barua yako ilikuwa fupi, haikunisahihisha hata neno moja, na nilikusudia kuandika "mashini" mara moja nione. Kama Mama anaumwa niambie.

Nilimdokeza Bwana Tulia kama ulivyosema. Akauliza kwa nini, nikasema dada yangu ana wasiwasi. Akacheka, akasema foleni ya mashine ni ndefu na picha yangu ni safi, sikutikisika hata kidogo. Ni kweli kwamba sikutikisika. Basi usijali.

Jana nilinyamaza mara mbili kabla ya chai. Mara ya pili nilizinduka nimeshika sikio la mgonjwa wa kitanda cha pili. Tumecheka, lakini nimechoka. Nataka uvimbe utolewe. Nataka nirudi kwenye kibanda changu cha kioo nitangaze basi la kwetu, "Abiria mnaoelekea Mizani kupitia Njia Panda" bila kuogopa kwamba nitaishia Njia Panda. Wasichana wa tiketi wananiambia anayekaa kwenye nafasi yangu anatangaza kama anasoma risala ya msiba.

Nisipoandika tena kabla ya tarehe 6, jua niko salama. Nimejiandaa, na nimejiandaa kwa sababu yako.

Spika


Nyumbani
4 Mei

Mdogo wangu,

Nimempa Posta barua hii mkononi, nikamwambia asiiache getini. Akupe wewe mwenyewe, na asimame hapo hadi umalize kuisoma.

Usifanyiwe upasuaji keshokutwa. Mwite daktari mwenye raba sasa hivi, umwambie ulikariri.

Mwambie kwamba maneno uliyotaja kwenye mashine hukuyatafuta. Ulikuwa unaimba orodha niliyokutungia mimi, tena na tena, na mtu anayeimba jedwali hafikirii. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila siku nasimama mbele ya watoto wanaoniimbia saba mara nane bila kukosea, halafu nikiwauliza mayai mangapi kwenye trei wananitolea macho. Picha yako ni safi kwa sababu ubongo wako ulikuwa umekaa tu. Daktari anadhani karibu na uvimbe hamna maneno. Hajui. Hakuna aliyeona. Anaenda kukata mahali ambapo nimemzimia taa.

Nililijua hili niliposoma ile barua yako ya kufaulu. Nilifika pale Bwana Tulia aliposema kinachowaka ni kutafuta, nikakaa kwenye ngazi. Halafu nikakuandikia habari za paa. Niliona haya. Wewe ulikuwa umeandika "umeniokoa", na nikashindwa kuliondoa neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajiambia wataalamu wana njia zao za kugundua. Nikajiambia ukichelewa foleni utazidi kuumwa. Kila siku nilipata sababu nzuri, na kila siku basi la Posta liliondoka bila barua hii.

Sikuwa nakusaidia kuona ugonjwa. Nilikuwa nakusaidia kuuficha. Nilidhani ni mtihani.

Nisamehe. Lakini kwanza mwite daktari.

Dada yako


Wodini
5 Mei

Nimemwambia.

Hakunigombeza. Aliziba uso kwa mikono, akasema asante. Nafasi yangu kapewa mwingine. Narudi kwenye foleni ya mashine, halafu ya chumba cha upasuaji.

Wiki mbili, dada. Wiki mbili ulikuwa unajua, na mimi huku naimba.

Usije. Ukija utajibu maswali yao yote kwa niaba yangu.


Nyumbani
20 Mei

Mdogo wangu,

Hujaandika, na sikulaumu. Posta ndiye ameniambia. Kwanza alizungukazunguka, akaniuliza hali ya Mama, hali ya paa, mpaka nikamwambia sema. Akasema amekuta umeanguka kwenye korido. Safari hii hukunyamaza tu. Ulitupwa chini, ukakakamaa, ukauma ulimi, na jino la mbele limevunjika. Anasema aliivua ile kofia yake akakuwekea chini ya kichwa.

Kama ningenyamaza ungekuwa umeshafanyiwa upasuaji na usingeanguka. Kama ningesema mapema, labda picha ingerudiwa mapema na nafasi yako usingeipoteza. Kama nisingetunga zile orodha, hakuna hata moja kati ya haya ambalo lingetokea. Nikiligeuza huku na huku, kila upande naikuta sura yangu.

Darasani nimeacha mahadhi. Nilianza "saba mara moja" sauti ikagoma. Watoto wakaniangalia, mmoja akaendelea kuimba peke yake kwa huruma.

Sikuombi unijibu. Natuma supu ya unga ya Mama, anasema huhitaji kutafuna.

Dada yako


Wodini
9 Juni

Dada,

Supu ilifika. Mwambie Mama nimeinywa yote, na jino linafanya niongee kama nyoka mwenye mafua.

Picha imerudiwa. Safari hii Bwana Tulia na daktari walibadilisha maswali yote, na hawakuniambia kitu mapema. Nikaletewa picha za vitu kwenye kioo: taja. Nikapewa sentensi zenye pengo: jaza. Nikapewa herufi ambazo hata wewe usingezipangia. Na niliteseka, dada. Ilikuja picha ya kile kitu cha kupandia ukutani, nakiona, nakijua, hata cha kwetu kilichovunjika ngazi ya tatu nakikumbuka, na neno halipo. Nimeandika "ngazi" sasa hivi bila shida, lakini mle ndani halikuja. Machozi yalinitoka na siwezi kuyafuta kwa sababu ya ile kofia. Sikupata hata nusu. Nilitoka nimejiona mjinga wa mwisho.

Bwana Tulia akasema, "Umefanya vizuri sana, mama." Nilitaka kumpiga.

Daktari akanionyesha. Ukingoni mwa doa jeupe, palepale, kuna kipande kimegusana nalo, kinawaka rangi ya machungwa. Alikiwekea kidole. Hapo ndipo alipokuwa amepanga kupita.

Mpango umebadilika. Watanifungua nikiwa nimelala, halafu wataniamsha katikati ya kazi. Kichwa hakitauma, ubongo wenyewe hauna maumivu, ndivyo wanavyosema wao ambao vichwa vyao vimefungwa. Mtu atakaa mbele yangu na picha, nami nitaje, huku daktari anagusa kidogo kidogo. Nikikwama, hapo hagusi tena. Kwa hiyo uvimbe hautatoka wote. Kitabaki kipande chembamba, na kikibaki, kifafa nacho huenda kikabaki kidogo. Nimechagua maneno. Daktari aliniuliza mara tatu kama nina hakika.

Umeniandikia kwamba kila upande unaikuta sura yako. Ni kweli. Ukinyamaza naamka bubu, ukisema navunjika jino. Sijui nikuweke wapi. Siku nyingine naamka nakushukuru, ikifika jioni nakukasirikia. Leo ni asubuhi, ndiyo maana naandika.

Upasuaji ni tarehe 13. Usije.

Spika


Nyumbani
12 Juni

Mdogo wangu,

Siji. Nitakaa kwenye ngazi za mbele na Mama. Sitakuambia la kusema.

Dada yako


Wodini
2 Julai

Dada,

Naandikia kitandani, usicheke mwandiko.

Niliamka. Kulikuwa na taa kubwa na sauti ya daktari nyuma yangu. Mbele alikaa Bwana Tulia, aliomba yeye mwenyewe aje. Picha moja moja. Kiatu. Ndege. Dirisha. Halafu akaonyesha kitu nikasema, "Ni kile, ni kile," na nyuma nikasikia daktari anasema, "Sawa, hapa basi." Ilikuwa hivyo mara nyingi. Kila niliposhindwa walifurahi. Sijawahi kuona shule ya namna hiyo.

Umetoka sehemu kubwa. Harufu ya mpira haijarudi ila mara moja, nyepesi, kama mtu kaunguza mbali. Vidonge naendelea.

Maneno yapo. Yanachelewa tu. Asubuhi niliomba kile kitu cha kukorogea chai, nesi akaniletea kijiko, nikamwambia ndicho hicho. Mengine nayazunguka kwa nyuma. Nimegundua watu wengi wana haraka. Wanaona nakawia, wananitupia la kwao, na likiingia la kwao langu linakimbia.

Daktari anasema kurudi kazini kutanisaidia. Meneja ameogopa kidogo lakini amekubali nijaribu tangazo moja, basi la kwetu la mchana, tarehe 24. Ukitaka kuja siku hiyo, njoo. Ukae chini, kwa abiria. Usipande kwenye kioo.

Spika


Nyumbani
25 Julai

Mdogo wangu,

Nimefika salama.

Nilikaa chini kama ulivyoniambia, kwenye benchi chini ya spika ile yenye kutu. Ulipowasha kipaza sauti nikakusikia unavuta pumzi, nikajua ni wewe kabla hujasema neno. "Abiria mnaosafiri na basi la mchana, mlango wa tano." Mlango wa tano, ukautamka polepole. "Kupitia Njia Panda, Daraja la Chuma, Kiwanda cha Matofali, na..."

Ukanyamaza.

Mwanzoni niliogopa ni kifafa. Halafu nikasikia pumzi yako, nikajua hapana, unatafuta. Mji uliozaliwa. Neno nililonalo mdomoni tangu ningali mtoto. Benchi zima likageuka kutazama spika. Mzee mmoja akasema, "Umeme huo." Mwanamke wa pembeni yangu akaanza kukutajia kwa sauti, kana kwamba utamsikia, nami nikamshika mkono, nikamwambia, "Mwache. Tafadhali, mwache." Kisha nikajiziba mdomo wangu mimi.

Sijawahi kubeba kitu kizito kama lile neno. Nilitaka kusimama nipige kelele. Niliona mara zote nilizowahi kukumalizia: ukiwa mdogo dukani nikikujibia, mbele ya mwalimu wako nikikujibia, kwenye simu, ndani ya ile mashine. Nilidhani nakupa. Kumbe kila mara nilikuwa nakunyang'anya.

Halafu ukasema, "...na pale wanapopimia malori."

Kituo kizima kikacheka, mdogo wangu, kicheko kizuri, na watu wote wa Mizani wakanyanyua mizigo yao. Hakuna aliyepotea. Yule mzee akasema, "Huyu ndiye, huyu ndiye wetu." Nami nililia hadharani, mwalimu mzima.

Nakuomba tena msamaha. Safari hii sina haraka ya jibu.

Dada yako,
Mwalimu


Kituoni
3 Agosti

Dada,

Nilikuona kupitia kioo. Ulikuwa umejiziba mdomo kwa mikono miwili, na begi limekuangukia miguuni, na hukuliokota. Wasichana wa tiketi waliuliza yule mama ana nini. Nikawaambia yule ni dada yangu, ananisubiri.

Neno lilikuja basi lilipokuwa linakata kona. Mizani. Nililisema peke yangu, kipaza sauti kimezimwa.

Harufu imerudi mara moja juzi, kidogo. Nilikaa chini, ikapita. Daktari anajua. Itakuwa hivi, na nimeichagua mwenyewe.

Leo zamu yangu inaanza baadaye, kwa hiyo nimekaa na chai nikajipa mtihani wa zamani. M. Bila mahadhi. Imenichukua asubuhi nzima, na nayaandika kwa jinsi yalivyokuja: mvua, maziwa, mlango, Mama, Mizani, mwalimu. Mkate haukuja kabisa, umesusa.

Lipo lingine, linaanza na M pia. Ni lile ambalo mtu anaomba na mwenzake anatoa. Nimelizunguka mbele na nyuma. Nalijua umbo lake, liko karibu, leo lilifika hadi kwenye ulimi.

Usinimalizie. Linakuja.

Mdogo wako,
Spika